Wimbo Uliovujia Sokoni

Kila jioni, Kabula akitoka shule, alipita nyumbani kuweka madaftari, akanywa uji uliokwisha kupoa, kisha akashika njia ya Chuo cha Ghalani. Mama yake, Flora, alikwisha zoea. Asipomwona mtoto uani alijua yuko kwenye ngoma zake, na akipitiwa na hasira alifoka, "Huyu nimemzaa mimi au kazaliwa na ngoma?"

Chuo chenyewe hakikuwa na kibao wala dirisha la kioo. Lilikuwa ghala la pamba, kubwa, la bati, pembeni mwa mji wa Bariadi. Chama cha ushirika kiliwapa wacheza ngoma zamani, mambo ya ushirika yalipokuwa mazuri. Humo vijana walifundishwa kazi ya ngoma kama wengine wanavyofundishwa useremala: kurusha jembe juu na kulidaka bila kupoteza mdundo, kuwamba ngoma, kuimba, kuitikia na, kwa wachache waliojaliwa, kutunga. Mafunzo yalichukua miaka mitatu. Usidhani ulikuwa mchezo! Mwalimu Klementina, aliyefundisha hatua za miguu, akikuona umekosea alikurudisha mwanzo kabisa, na ukinuna alikurudisha tena.

Mkuu wa chuo alikuwa manju Mahona. Manju ndiye mtunzi na kiongozi wa nyimbo, na Mahona alikuwa manju aliyejulikana kote Usukumani. Mzee mwembamba, mkali, asiyejua kusifu. Kabula, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alikuwa na sauti nyororo kuliko wasichana wote wa chuo, naye ndiye aliyechaguliwa kuongoza kiitikio. Lakini kwa mwaka mzima manju alimwambia neno moja tu: "Usibane koo." Kabula alikuwa na njaa ya sifa mpaka ikamkaa tumboni.

Rafiki yake mkubwa pale alikuwa Mihayo, mpiga ngoma kubwa. Mihayo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akifika mapema kuliko wote, anawasha moto wa mabua, anakausha ngozi za ngoma mpaka zilie vizuri. Kabula alipochelewa, Mihayo alimwekea nafasi mbele na kumtetea kwa Mwalimu Klementina.

Mwaka huo mambo yalikwenda mrama. Ushirika ulikuwa umelala chali, hauna uwezo wa kuwalipa wakulima. Serikali ilikwisha ruhusu kila mwenye mtaji anunue pamba, na wanunuzi wakamiminika na malori na mizani zao. Kila ulipopita ulisikia neno moja: soko huria. Kampuni moja ikalichukua ghala. Meneja wake alikuja, akazunguka ndani, akagonga bati kwa kidole, kisha akamwambia Mahona waziwazi:

"Mzee, ghala hili nimelichukua kwa ajili ya pamba. Lakini siku ya kufungua msimu nataka ngoma, nataka umati. Nitawashindanisha nyinyi na kikundi cha Shigela. Atakayevuta watu nitampa ule upande wa nyuma, akae, afundishe, awe kikundi cha kampuni. Atakayeshindwa, samahani."

"Na sisi tukishindwa?" aliuliza Mwalimu Klementina.

"Mtafute pa kwenda, mwalimu."

Basi wote wakajua kuwa ni kufa na kupona. Wanafunzi wa Ghalani walikuwa Bagalu, na kikundi cha manju Shigela, kutoka upande wa Maswa, kilikuwa Bagika. Hizo ni pande mbili za wacheza ngoma wa Kisukuma, na ushindani wao haukuanza jana. Hakuna majaji wala maksi. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wako huru kwenda wanakotaka. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo silaha kubwa ni wimbo mpya wa kumtania manju wa upande wa pili, wimbo ambao hajausikia na hana jibu lake.

Mahona aliutunga. Loo, wimbo ulikuwa mtamu! Ilisemekana kwamba Shigela alikuwa amejinunulia miwani ya giza, akawa anaivaa hata ndani ya nyumba. Wimbo ukasema:

"Shigela kavaa miwani, dunia imekuwa giza,
kamkuta mbuzi mlangoni, kainama kwa adabu:
Mwadila, mayu! Mama mkwe, mwadila!"

Yaani manju mzima anamwamkia mbuzi kwa Kisukuma, "Shikamoo, mama," akidhani ni mkwewe! Mara ya kwanza wanafunzi walivunjika mbavu kwa kicheko. Manju akawanyamazisha. Kwenye Chuo cha Ghalani wimbo mpya ulifundishwa milango imefungwa, kwa kunong'ona, na nje ya mlango Mihayo alipiga ngoma ya wimbo wa zamani ili mpita njia asisikie. Kabla ya kutoka kila mmoja aliahidi: wimbo hautaingia sikio la mtu wa nje kabla ya kufika uwanjani. Kabula naye aliahidi, tena kwa sauti.

Sasa sikiliza alichokifanya.

Sokoni kulikuwa na kijana mfanyabiashara aitwaye Marcelo. Zamani aliuza chumvi. Soko huria lilipokuja, aliacha chumvi akafungua kibanda cha redio na kanda, na redio yake kubwa ilibwata kuanzia asubuhi. Siku moja Kabula alitumwa chumvi na mama yake, akapita kibandani akiimba kimoyomoyo, na kumbe sauti ilikuwa ikimtoka puani bila yeye kujua.

"Ee, binti," Marcelo alimwita. "Wewe si yule wa Ghalani? Una sauti wewe! Umewahi kujisikia?"

"Kujisikia vipi?"

"Njoo uone. Unaimba hapa, halafu redio inakurudishia mwenyewe."

Kabula aliangalia huku na huku. Kibandani hamkuwa na mtu, na Marcelo alisema atakwenda nje kuzungumza na jirani, amwachie nafasi. Kabula akawaza: nimeahidi wimbo usiingie sikio la mtu. Hii ni mashine. Mashine ina masikio gani? Na kati ya nyimbo zote alizozijua, tangu za mavuno mpaka za kubembeleza watoto, akachagua ule ule. Kwa nini? Kwa sababu ndio uliompendeza zaidi, basi. Akauimba wote, mwanzo mpaka mwisho.

Marcelo alirudi, akabonyeza, na sauti ya Kabula ikatoka ndani ya redio. Mtoto aliduwaa. Aliisikiliza kama sauti ya mtu mwingine, msichana mashuhuri, anayeishi mbali. Machozi yalimlengalenga kwa furaha. Akarudi nyumbani bila chumvi, akagombezwa, wala hakujali.

Siku ya gulio, zikiwa zimebaki siku chache tu kufika mashindano, Kabula alikuwa sokoni na kapu la nyanya za mama yake. Mara akasikia, juu ya kelele zote za watu na mbuzi na wauza mitumba: "Mwadila, mayu! Mama mkwe, mwadila!" Watu wamejaa mbele ya kibanda cha Marcelo, wanacheka, wanamwambia rudia. Kabula aliliacha kapu hapo hapo akapenya mpaka ndani.

"Zima! Kaka Marcelo, nakuomba, zima!"

"Nizime? Binti, hii ndiyo inayonijazia watu leo."

"Ule wimbo ni siri! Wakisikia Bagika tumekwisha!"

Marcelo alizima, maana hakuwa mtu mbaya. Alijikuna kichwa. "Mbona hukusema? Kuna jamaa mmoja wa huko Maswa nimemrekodia kanda yake asubuhi, keshaondoka nayo. Sasa nifanyeje? Siku hizi ni soko huria, mdogo wangu. Mtu akitaka kitu, anauziwa."

Jioni ile Kabula alifika ghalani akiwa amechelewa. Alimkuta manju Mahona mlangoni, peke yake. Nafasi nzuri kuliko ile asingeipata tena maishani. Alifungua mdomo, akaona ule uso mkali, akafikiria wenzake watakavyomcheka, akaufunga. Walipoanza mazoezi, manju akamsimamisha.

"Kabula, mbona leo umebana koo hivyo?"

"Nina mafua, manju."

"Nenda ukanywe maji ya moto."

Akaenda. Kesho yake alijiambia, labda yule mtu si wa Shigela. Keshokutwa akajiambia, labda kanda imeharibika. Ndivyo anavyojiliwaza mtu anayejua kabisa kwamba amekosa.

Siku ya mashindano uwanja ulifurika. Bagalu upande wa mashariki, Bagika upande wa magharibi, katikati watu wasiohesabika, na meneja wa kampuni kwenye kiti chake juu ya lori. Mpaka jua lilipoanza kushuka, watu wengi walikuwa upande wa Ghalani. Mihayo aliipiga ngoma kubwa mpaka vumbi likaruka, majembe yalipaa na kudakwa, Mwalimu Klementina alishindwa kujizuia akapiga vigelegele. Ndipo Mahona akainua mkono. Wakati wa wimbo mpya.

Hawakuwahi kuuanza. Upande wa pili ghafla kulitokea kishindo cha kicheko. Bagika wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wamevaa miwani ya giza! Shigela mwenyewe alitangulia, akimvuta mbuzi aliyefungwa kanga kiunoni na kitambaa kichwani. Akainama mbele yake kwa heshima zote na kuimba: "Mwadila, mayu!" Mbuzi, kama aliyefundishwa, akalia meee. Kikundi kizima kikaitikia:

"Mbuzi wangu kaitikia, mmesikia?
Bagalu mnangoja nini, mmeishiwa maneno?
Miwani nimeivaa, umaskini wenu unaniumiza macho!"

Watu walitimua mbio kwenda kule kama maji yaliyofunguliwa. Mahona alisimama, mkono bado uko juu. Wimbo wake ulikuwa umekwisha kuimbwa, umejibiwa, na umechekwa. Jua lilipozama, upande wa mashariki walibaki wanafunzi, wazazi wachache na mbwa. Meneja alishuka kwenye lori akaenda moja kwa moja kumshika Shigela mkono.

Usiku haujaingia vizuri, lawama zilikwisha anza. "Kuna mtu katuuza!" walifoka vijana wakubwa ndani ya ghala. "Wimbo haukutoka wenyewe!" Na mmoja akasema kile ambacho wengi walikuwa wakikiwaza: "Mjomba wake Mihayo anacheza kwa Shigela."

Macho yote yakamgeukia Mihayo.

"Si mimi," alisema Mihayo.

"Kama si wewe, nani?"

Mihayo aliwatazama mmoja mmoja, akafika kwa Kabula, akatulia hapo. Kabula aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mwalimu Klementina alisema, "Jamani, msimhukumu mtoto kwa sababu ya mjomba," lakini nani wa kumsikiliza? Walimzomea. Manju Mahona, kwa hasira na uchungu wa siku ile, hakusema chochote, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo hukumu. Mihayo aliweka vijiti vyake juu ya ngoma, taratibu, akatoka.

Hapo bado chuo hakijafa. Mahona alikuwa na kiwanja nyumbani kwake, na wazazi walikwisha ahidi nguzo na nyasi. Lakini siku zilizofuata hakuna aliyemwamini mwenzake. Ukimwona mtu anaongea pembeni, unadhani anauza siri. Wasichana wawili waligombana mpaka wakachaniana nguo. Hakuna aliyetaka kujifunza wimbo mpya mbele ya mwingine, na ngoma kubwa haikupata mpigaji aliyeiweza. Wazazi wakaanza kuwazuia watoto, leo huyu, kesho yule. Habari za nguzo na nyasi hazikuzungumzwa tena. Mwalimu Klementina alifungasha akarudi kwao, akifuta machozi kwa kanga.

Naye Kabula? Alikula, akalala, akaenda shule. Nasema wazi, hiyo ndiyo sehemu inayoniudhi kuliko zote.

Iliyomtoboa ni siku moja kisimani. Alikuwa amefuatana na mama yake kuchota maji. Mama yake Mihayo alifika, akasalimia, wanawake wakageuza migongo. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Tunyamaze, maneno yetu yasije yakapelekwa Maswa." Wakacheka. Na Flora, mama yake Kabula mwenyewe, akaongeza, "Mtoto kajifunza wapi usaliti kama si nyumbani?"

Mama yake Mihayo alijaza ndoo yake. Aliibeba haraka, na nusu ya maji yakammwagikia miguuni.

"Mama, nyamaza!" Kabula alipiga kelele. "Ni mimi! Niliimba kwa Marcelo, kwenye redio! Mihayo hakusema kitu, ni mimi!"

Flora alitua ndoo yake chini. Kabula alingoja kofi, wala kofi halikuja. Mama yake alimwendea mama yake Mihayo, akapiga magoti kwenye tope mbele ya watu wote, akasema, "Dada, nimekukosea." Kisha akamshika binti yake mkono wakaenda kwa Mahona, na njia nzima alisema sentensi moja tu: "Utayasema mwenyewe. Mimi mdomo wangu sifungui."

Walimkuta manju akikarabati mpini wa jembe. Alisikiliza yote. Hakupaza sauti.

"Ulijua lini kwamba wimbo umetoka?"

"Siku ya gulio."

"Kabla ya mashindano?"

"Ndiyo, manju. Siku ile niliposema nina mafua."

Mahona alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha. "Mwanangu, ule wimbo niliutunga asubuhi moja, nikiwa nachunga ng'ombe. Ungeniambia jioni ile, kesho yake ningekuwa na mwingine. Shigela angekuja na mbuzi wake na miwani yake, na sisi tungemcheka mpaka akimbie. Umeelewa?"

Kabula alielewa, na kuelewa kule kulimuuma kuliko viboko.

Mihayo hakuwa Bariadi tena. Alikwenda Nyashimo, kwa ndugu wa baba yake, kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mahona alisema aliyezomewa hadharani husafishwa hadharani, na kwamba yeye mwenyewe ana lake la kusema huko. Wakapanda lori, manju, Flora na Kabula. Walimkuta Mihayo mweupe kwa vumbi la pumba, gunia begani. Mashine ikazimwa. Mbele ya mwenye mashine, wapagazi na akina mama waliokuja na mpunga wao, Kabula alisema yote kwa sauti, bila kubana koo. Mahona naye akavua kofia. "Mimi nilinyamaza ulipokuwa unazomewa," alisema. "Mtu mzima, tena mkuu wa chuo. Nisamehe, kijana."

"Nimesikia, manju. Yamekwisha," alisema Mihayo. Kisha akamgeukia Kabula. "Mimi nilikuwa najua."

"Ulijua?"

"Siku ya gulio nilipita sokoni, nikaisikia sauti yako kwenye redio. Sauti yako siipotezi. Nilidhani umekwenda kumwambia manju, ndiyo maana nikanyamaza. Na ile jioni waliponizomea, nikasema atasema sasa hivi. Nikakungoja."

Kabula alilia mpaka akashindwa kupumua. "Rudi basi, Mihayo. Turudi tukaanze upya."

"Wapi? Nani yuko?" Aliinama, akalibeba gunia lake. "Hapa nikibeba gunia, ni gunia tu. Hakuna anayeniangalia vibaya."

Mwenye mashine aliwasha tena, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jioni walishukia Bariadi, karibu na ghala. Milango ilikuwa wazi na wapakiaji walikuwa wakipanga marobota ya pamba mpaka darini. Upande wa nyuma, vijana wa Shigela walikuwa wakifanya mazoezi. Kabula aliwatazama, kisha akamwuliza manju kwa sauti ndogo kama bado atamfundisha.

Mahona alimgeukia. "Njoo nyumbani, nitakufundisha kurusha jembe na kuwamba ngoma. Nyimbo za zamani utaimba. Wimbo mpya sitakupa, si sasa. Sikuchukii, mwanangu. Mtoto kuvutwa na redio si ajabu, hata mimi ningependa kujisikia. Kosa lile lilikuwa dogo, tungelirekebisha kwa asubuhi moja. Lakini ulilificha, na kila siku uliyolificha kuna mtu alikuwa analipia: mimi, mwalimu wako, mama yake Mihayo, na Mihayo kuliko sote. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati bado kuna cha kuokoa. Leo umesema ukweli, na nimefurahi umesema. Jina la Mihayo limesafika. Chuo hakirudi."

"Ndiyo, manju," Kabula alijibu.

Kesho yake jioni alikwenda. Walikuwa wawili tu kwenye kile kiwanja kitupu cha manju, mwalimu na mwanafunzi. Mahona aliimba mstari wa kwanza wa wimbo wa mavuno, na Kabula akaitikia peke yake kiitikio kilichotungwa kuimbwa na watu arobaini.